Talaka ya Marehemu

Shemeji yangu alitangaza kifo cha mume wangu redioni, kwa hiyo mimi nami nikamwita marehemu mahakamani kwa redio ileile. Wako wanaosema nilizidisha. Waendelee kusema.

Wakati wa vita Kindu ilikuwa imefungwa kila upande. Treni haikuja, chumvi iliadimika kama dawa, na aliyekwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi. Wanaume wenye roho ngumu walipakia sabuni na chumvi kwenye baiskeli, wakazisukuma porini mpaka Kampene kuwauzia wachimbaji wa dhahabu. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Aliondoka kwetu Alunguli, ng'ambo ya mto, asubuhi moja pamoja na mdogo wake, nami nikamfungia mihogo ya kuchoma katika majani.

Mdogo mtu alirudi peke yake. Mkononi alikuwa na shati la kaka yake, lile la buluu ambalo mimi mwenyewe nililishonea kiraka cha kitenge mfukoni. Lilikuwa limekakamaa kwa damu. Akasema wenye silaha walimkata mapanga, mwili wakautupa mtoni. Akapeleka tangazo redioni. Kwa kuwa hakukuwa na maiti, tulililia shati. Lilitandazwa juu ya mkeka katikati ya nyumba, wakwe zangu wakaninyoa nywele kwa wembe, wakanikalisha chini bila kuoga mpaka matanga yakaisha. Nililia mpaka sauti ikanipotea.

Matanga yalipokwisha, shemeji aliingiza godoro lake katika chumba cha mbele. Kwa desturi yao alikuwa amerithi vyote vya kaka yake, yaani nyumba pamoja na mimi. Kiwanja nilipewa na baba yangu, lakini hilo halikumhusu. Mimi hakunipata, kwa sababu mlango wangu ulikuwa na komeo na mimi nilikuwa na mchi. Chumba cha mbele alikishika miaka yote, na mbele za watu aliniita muke wetu.

Lile shati nililifua mwenyewe. Nilipolianika nikaona halina tundu hata moja. Mtu kakatwa mapanga akiwa amevaa shati, na shati halikuchanika? Nikajiambia labda walimkata shingo. Nikalikunja, nikaliweka chini ya sanduku.

Baada ya vita barabara zilifunguka, na mama mmoja kutoka Butembo akaja kufungua duka la vitenge sokoni. Tukazoeana. Siku moja alinitembelea nyumbani, akaona picha ukutani.

"Mama, huyu muntu njo nani?"

"Marehemu bwana yangu."

Alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. "Marehemu gani? Huyu iko nauzisha petroli kule Lubutu. Juzi tu alinipunguzia beyi. Iko na muke na batoto."

Nilipanda pikipiki mpaka Lubutu. Nilikuta meza yenye chupa za petroli na msichana mwenye mtoto mgongoni, akilia. Bwana alikuwa ametoka usiku uliopita na nguo zake, hakusema anakwenda wapi. Mtu alikuwa amempigia simu kutoka Kindu. Safari yangu nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu, aliyelala katika chumba changu cha mbele. Yule msichana sikumbembeleza. Nilimwambia tu achunge nywele zake, zangu zilinyolewa kwa ajili ya bwana huyohuyo.

Niliporudi nikavuka mto kwenda mahakamani. Karani alinisikiliza, akaona ananirahisishia kazi.

"Mama, chukua tu karatasi ya kifo. Itaenda mbio. Mufu hatumuachanishake na muntu."

"Miye si mujane," nikamwambia. "Bwana yangu alikimbia. Nataka kuachana naye akiwa muzima."

Nilijua ninachotaka. Ujane ungeniacha mali ya ukoo ule mpaka kaburini. Karani akakuna kichwa, akanieleza kwamba mtu asiyejulikana anakoishi hubandikiwa wito kwenye mlango wa mahakama, halafu husomwa redioni. Nikauliza husomwa saa ngapi. Akasema asubuhi, baada ya matangazo ya vifo. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kidogo. Kidogo tu.

Asubuhi ya kusomwa wito niliweka redio kwenye dirisha la shemeji, nikaongeza sauti hadi mwisho. Wanawake waliokuwa wakitwanga sombe, yale majani ya mihogo, wakasimamisha michi. Msomaji akamaliza maiti zake, kisha akamwita mume wangu kwa majina yote, asiyejulikana makazi yake, aje ajibu mashitaka ya mke wake anayeomba talaka. Halafu jirani mmoja akapiga kelele, "Kumbe mufu iko na randevu, tribinali inamungoja!" Kicheko kilienda nyumba kwa nyumba mpaka ufukoni. Shemeji alitoka na mswaki mdomoni.

Jioni akaja taratibu. "Shemeji, toa ile mambo tribinali. Utatupatisha haya."

"Haya njo natafuta," nikamjibu.

Mume hakutokea, naye shemeji akaitwa kusema anachojua. Ukumbi ulijaa wazee waliokula mbuzi wa matanga. Hakimu akamuuliza kama kaka yake amekufa au yu hai. Akasema amekufa. Nikatoa shati, nikaliweka mezani, nikaomba anionyeshe panga lilipita wapi. Aligeuza shati mbele na nyuma. Mwisho akasema, chini sana, "Njo yeye aliniambiaga niseme vile. Ile damu ilikuwa ya kuku."

Wazee hawakucheka. Mmoja alitema mate chini, ndani ya mahakama, na hakimu alimwacha. Talaka nilipata, na amri ya kumtoa shemeji katika nyumba yangu. Godoro sikungoja alitoe. Nililiburuta mwenyewe mpaka barabarani, mvua ikiwa karibu.

Marehemu alikuja mwaka uliofuata, mchana, kwa miguu. Kichwa kilikuwa na mvi, lakini mwendo niliujua. Alisimama nje ya ua wangu. Mke wa Lubutu alikuwa amemfukuza, mdogo wake hakutaka kumwona. Akaomba japo chumba cha mbele.

"Mukuye muone mufu!" niliita kwa nguvu zangu zote. Majirani wakaja, wengine na michi mikononi. Hakuna aliyemsalimu. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo miaka mingi, na ilikuwa tamu kama nilivyodhani.

Yeye aliinamisha kichwa, kisha akauliza kwa sauti niliyoisikia mimi peke yangu, "Ulinililia?"

Niliingia ndani, nikatoa shati chini ya sanduku, nikamrushia juu ya ua. Alilidaka. Akagusa kile kiraka cha kitenge, kisha akaligeuza, akiangalia kifuani na mgongoni.

"Tundu haiko," nikamwambia. "Nilitafutaga sana."