Boga Lenye Meno Kabatini kwa Bibi

Bibi alikiona kitabu siku ya Jumanne, nilipokiacha juu ya mto nikaenda kuoga. Niliporudi alikuwa amekishika kwa ncha za vidole, mbali na nguo zake, kama mtu aliyeokota panya.

"Ndoo hapa. Hili ni nini?"

"Kitabu cha shule, bibi."

"Nakuuliza hili." Akaligonga jalada kwa ukucha. Palichorwa boga kubwa la rangi ya chungwa, limetobolewa macho na kuchongwa meno, na ndani yake moto unawaka.

"Ni boga."

"Boga naliona. Mimi boga nalipika kwa tui Ramadhani nzima, halijapata kunikodolea mato wala kunitolea meno."

Kaka yangu, anayesoma chuo hapa hapa mjini, mtaa wa Buxton, na ambaye hakuna asilolijua, akachungulia mlangoni. "Hiyo ni Halloween, bibi. Siku ya Wazungu. Watoto wao huvaa kama mashetani, wakapita nyumba hadi nyumba kuomba peremende. Mjukuu wako anafunzwa uchawi huko shuleni Tudor, na karo twalipa sisi."

Alikuwa anatania. Lakini bibi hakucheka. Kitabu kikaingia kabatini, chini ya doti za kanga ambazo hajazivaa bado, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga aliyojitanda.

Mimi si mtu wa kusema. Darasani nikiulizwa swali, jibu ninalo, ila linanikwama kooni mpaka mwingine alitoe. Shuleni kwetu kuna chama cha kusoma, na kila Ijumaa mwanachama mmoja husimama mbele ya darasa kueleza kitabu alichosoma. Nimo humo tangu kidato cha kwanza na sikuwahi kusimama. Muhula huu nilijitolea mwenyewe. Nilimfuata mwalimu hadi ofisini, nikamwambia naitaka Ijumaa hii. Aliniangalia kama aliyesikia meza ikizungumza. Akakubali, akanikumbusha sharti la chama: lazima uwe umekimaliza kitabu. Nilikuwa nimebakisha sura ya mwisho tu.

Ni hadithi ya watoto, najua, na mimi niko kidato cha tatu. Msichana mmoja amefiwa na babu yake. Usiku wa Halloween hiyo anapita katikati ya moshi wa moto uliowashwa kijijini kwao, anajikuta zamani. Kila moto anaoupita unampeleka kwenye moto wa zamani zaidi, naye anataka kujua usiku huo ulianzia wapi. Kwanza anakuta maboga. Nyuma zaidi hakuna maboga, watu wanachonga mizizi fulani ya shambani ambayo mimi sijawahi kuiona hata sokoni Marikiti. Nyuma kabisa hakuna hata peremende. Kuna baridi, mavuno yamekwisha, na watu wanaacha milango wazi na chakula mezani, kwa sababu usiku huo wafu wao wanarudi nyumbani kutazama kama bado wanakumbukwa. Na babu yake msichana naye yuko njiani, anautafuta mlango wake. Sura inaishia hapo, na hapo ndipo bibi alipofunga kabati.

Nilipopasoma mahali hapo mara ya kwanza, nywele zilinisimama, na si kwa woga. Jambo lile nalijua! Kwetu, kila Alhamisi baada ya Magharibi, bibi husoma Yasin, akawaombea marehemu wetu mmoja mmoja kwa majina, kisha akafukiza udi nyumba nzima. Husema usiku wa kuamkia Ijumaa roho zao huja mpaka mlangoni kuangalia nani anawakumbuka. Hilo ndilo nililotaka kusimama niliseme. Na nyumbani hakuna hata mmoja aliyeniuliza ndani ya kitabu mna nini. Wote walisoma boga.

Nikamwendea mama. Alikuwa ametoka kazini Mbaraki, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Zungumza na bibi yako," akasema.

"Hataki kunisikiliza."

"Umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia.

"Basi hataki kusikiliza nini?"

Mama naye!

Alhamisi nilingoja bibi amalize Yasin. Aliponyanyua chetezo chake cha udi, nikajikaza. "Bibi, hata hao wa kwenye kitabu huwangojea wafu wao. Kama sisi."

"Astaghfirullah," kaka akasema kutoka kwenye kochi. "Leo umekwisha."

Bibi aliweka chetezo chini. "Kama nani?"

"Wafu wao... nao huja nyumbani, bibi. Usiku mmoja kwa mwaka."

"Wakija husomewa nini?"

"Hawasomewi. Huwekewa chakula."

"Maiti ale?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Alitikisa kichwa, bila hasira. "Maskini. Mtu atoke ahera mpaka kwao, aje kuonyeshwa sahani." Akabeba chetezo chake akaingia chumba cha pili.

Nilitaka kupiga kelele. Alikuwa amekielewa kitabu kuliko mtu yeyote, na ufunguo bado uko pindoni! "Na kitabu changu, bibi?" nikauliza, kwa sauti ambayo hata mimi mwenyewe sikuisikia.

Ijumaa nikasimama hivyo hivyo. Na nilisema. Nilieleza mioto, nikaeleza mizizi, nikafika kwenye Alhamisi yetu. Kisha msichana wa nyuma akainua mkono.

"Kwa hivyo bibi yako husherehekea Halloween?"

Darasa zima likaangua kicheko.

"Sikusema hivyo."

"Umesema, sote tumesikia!"

Nyumbani nimeonekana naishusha dini, na shuleni nimemvisha bibi yangu kinyago. Mwalimu akawanyamazisha, akaniuliza kwa upole, "Na mwisho? Babu alifika?"

"Sijui, mwalimu. Kitabu kimefungiwa."

Wakacheka tena.

"Basi hukukimaliza. Kaa, mama. Tutakupa nafasi muhula ujao."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nilipofika nyumbani niliingia chumbani kwa bibi bila hodi.

"Nataka kitabu changu."

"Hata salamu?"

"Assalaam aleikum, bibi, nataka kitabu changu. Nimekalishwa mbele ya darasa zima kwa sababu sijui kama yule babu alifika kwao."

"Babu gani?"

"Wa kitabuni! Yuko njiani tangu Jumanne."

Bibi alinitazama, kisha akaanza kufungua fundo la kanga. "Mtu amekufa, anatafuta kwao, nawe umemwacha kabatini siku zote hizi?"

"Si wewe uli..." Nikayameza.

Akanipa kitabu, akajisogeza kitandani kunipa nafasi. "Soma. Nambie kwa Kiswahili, Kizungu chenu sikijui."

Nikafungua sura ya mwisho. Mstari wa kwanza haujaisha, akainua mkono.

"Ngoja. Mtoto huyu mamake yu wapi, hata azurure usiku peke yake?"

"Hiyo iko mwanzoni, bibi."

"Basi anza mwanzoni."

"Bibi, imebaki sura moja!"

"Mimi siingii nyumba ya watu kwa dirisha. Anza mwanzoni."

Nikarudi ukurasa wa kwanza, hasira bado zimenijaa, nikaanza kumtafsiria. Kwenye sentensi ya pili akanisimamisha, anataka kujua hiyo baridi inayosemwa ni baridi gani.