Hadithi Sitini na Moja na Kiberiti cha Pelagia

Saa moja kasoro robo asubuhi, ukungu wa Julai 1976 bado umeukalia mji wa Kasulu. Nyuma ya ofisi moja ya umma, Pelagia anafagia majani ya mkaratusi, kanga ya pili kajitanda kichwani kwa ajili ya baridi. Mbele yake kuna shimo la kuchomea taka. Mfukoni mwa gauni lake la kazi kuna kiberiti. Kimekaa humo siku kumi na tisa na hakijapungua hata njiti moja.

"Sikiliza," anasema, akikitikisa karibu na sikio la mgeni wake, mwandishi wa habari hizi. "Kimejaa. Wakitaka moto wawashe wenyewe. Mikono wanayo, tena haina kazi nyingi."

Anatema mate pembeni, anaendelea kufagia.

Pelagia ana miaka arobaini na saba, watoto wanne, na mshahara wa shilingi mia tatu na themanini kwa mwezi. Kazi ya ufagizi ameifanya mwaka wa kumi na moja sasa. Ukiuliza sokoni Kasulu kwa Pelagia mfagizi, watakuuliza: yupi? Uliza kwa Pelagia wa nyungo, hapo hata kipofu atakupeleka mpaka mlangoni.

Habari za nyungo zilianza mwaka 1971, alipojifunza kusoma katika darasa la watu wazima. Kitabu cha darasa kilikwisha, hamu haikwisha.

"Nilisoma mifuko ya chumvi. Nikasoma matangazo ya ukutani, nikasoma mpaka kadi ya kliniki ya mtoto wa jirani. Mwenyewe akaniambia, we mama Bazilio, utatusoma hata matumbo!"

Bazilio ni mwanawe wa kwanza.

Alipokosa cha kusoma aliamua kuandika, na karatasi hana. Daftari dukani ni shilingi na nusu, siku likipatikana. Lakini kila Ijumaa mikononi mwake hupita kapu zima la karatasi zilizotupwa ofisini, za kwenda kuchomwa. Upande mmoja umeandikwa, upande wa pili mweupe kama unga. Akaanza kuzipeleka nyumbani. Hakumficha mtu. Ofisa aliyekuwepo wakati ule alimwambia, "Chukua, mama, utapunguza moshi."

Aliandika hadithi za bibi yake. Jirani akasikia, akaja na yake. Jirani wa jirani akaja kusikiliza, akakaa. Leo, kila Jumamosi alasiri, nyumba ya Pelagia ya vyumba viwili hujaa mpaka wengine wanakaa kwenye kizingiti: fundi cherehani, wasichana waliomaliza darasa la saba, karani wa mizani, wakulima kutoka Munanila wanaotembea tangu alfajiri. Kuna kalamu tisa za kuazimana, na karatasi za kapu la Ijumaa ni za wote. Kuna kamusi moja, mali ya Mwalimu Mwatumu aliyehamishiwa huku kutoka Tanga. Kurasa zake za mwanzo zililiwa na mchwa, kwa hiyo inaanzia herufi D.

"Anayetaka neno la A, B au CH ananiuliza mimi," anasema Mwalimu Mwatumu. "Nami nisipolijua, nawaambia hilo mchwa wamekula."

Ada ya kuingia ni kibaba cha maharage. Kila msikilizaji hupewa ungo akachambue: mawe huku, mabovu huku, mazima yaende chunguni. Anayesoma husimama karibu na mlango wa jiko. Hakuna kupiga makofi, hakuna kusema "nzuri sana". Macho yote ya mwandishi yako kwenye mikono.

"Sisi Waha tuna adabu mdomoni," anaeleza Pelagia. "Mgeni akikusomea uji mtupu utamwambia ni asali, maana kumwaibisha ni vibaya. Lakini mikono haina adabu. Hadithi ikikamata, mikono inasimama yenyewe, mtu kashika punje moja kaisahau. Hadithi ikiwa mbovu, maharage yanachambuliwa haraka haraka, kila mtu anataka kula akaondoke."

Baada ya kusoma ndipo mwandishi huambiwa ni wapi mikono ilisimama na ni wapi ilianza tena. Pale ilipoanza tena, anapaandika upya. Chungu kinaiva, watu wanakula, umbea unaendelea.

Makarius, fundi baiskeli wa Kibondo, alikuja mara moja kwa lori akaupenda mtindo huu, akaufungua kwao. Tatizo ni moja, na Kasulu nzima inalijua.

"Kibondo wanachambua karanga!" Pelagia anapiga paja. "Wanachambua huku wanatafuna. Mikono itasimama saa ngapi?"

"Angalau sisi tunashiba kabla ya hadithi," Makarius hujibu. "Ninyi mnasubiri chungu kama wagonjwa."

Makarius huyu huyu ndiye aliyeleta balaa, na kwa nia njema.

Mwezi Juni alimaliza hadithi ya ofisa mmoja anayezunguka vijijini kuhesabu vyoo. Anaandika faini kwa kila kaya isiyo na choo, mpaka siku tumbo linamkata njiani na kila mlango anaobisha wanamwambia, "Samahani, ndugu, choo chetu ulishakifuta kwenye orodha." Siku iliposomwa Kasulu, chungu kiliungua. Hakuna aliyekumbuka kuchochea wala kupunguza kuni.

Kwa furaha, Makarius aliichukua hadithi akaenda nayo moja kwa moja kwa Ndugu Renatus, ofisa utawala pale anapofagia Pelagia, mgeni wa miezi minane kutoka mkoa mwingine. Alitaka asaidiwe njia ya kuipeleka ikapigwe chapa.

Ndugu Renatus alisoma mistari michache, uso ukabadilika. Kisha akaigeuza karatasi. Nyuma yake akaona mhuri wa ofisi yake.

Wenye ndimi zao sokoni wanasema hakuudhiwa na mhuri, aliudhiwa na vyoo. Hayo ni yao. Lililo wazi ni kwamba siku ya pili yake mgambo wawili walifika kwa Pelagia saa nane mchana, wakabeba boksi zima lililokuwa chini ya kitanda. Hadithi sitini na moja. Kazi ya miaka mitano, na nyingi hazina nakala. Kosa: kukutwa na nyaraka za serikali.

"Nyaraka!" Sauti ya Pelagia inapanda mpaka mlinzi wa getini anageuka. "Nilipewa mimi nizichome! Zikiwa taka, hakuna aliyezitaka. Zingekuwa majivu tangu mwaka ule na asingeuliza mtu. Zilipoandikwa jina la Esteri muuza ndizi, jina la Makarius, jina langu mimi mfagizi, ndipo zikawa siri za nchi?"

Mwalimu Mwatumu anazikumbuka hizo siri. Orodha ya majembe ya mwaka 1968. Muhtasari wa kikao cha kununua kengele. Hesabu ya vyoo. "Adui akizipata," anasema, "atajua kwamba kengele haikununuliwa."

Ndugu Renatus, alipofikiwa na mwandishi wa habari hizi ofisini kwake, alijibu kwa kifupi. "Waraka ni waraka, hata ukichakaa. Leo wanachukua orodha ya majembe, kesho watachukua nini? Mimi nina sheria, sina hadithi."

Alipoulizwa kama amezisoma, alisema hiyo si kazi yake.

Agizo lake ndilo lililomtia Pelagia moto. Boksi likapelekwa stoo, na Pelagia, ambaye kuchoma taka ni kazi yake, akaambiwa alichome yeye mwenyewe kabla mwezi haujaisha. Asipochoma, kazi hana.

Walizungumza koridoni, na wafanyakazi wawili waliokuwa karibu wanayakumbuka maneno yote.

"Mama Pelagia, boksi bado?"

"Bado, ndugu."

"Unangoja nini?"

"Nangoja karatasi. Niandikie kwamba Pelagia achome hadithi za watu. Mimi nimejifunza kusoma, siku hizi sipokei maneno matupu."

Akaandikiwa. Barua ikapigwa chapa, ikagongwa mhuri, ikatiwa sahihi. Pelagia anaitoa kifuani, imekunjwa mara nne, anaifungua polepole, kisha anaigeuza.

Nyuma ya barua kuna orodha ya majembe ya mwaka 1968.

"Ofisi haina karatasi mpya tangu Aprili," anasema. "Mpiga chapa kachukua kuukuu, kageuza, kaandika upande mweupe. Kama mimi. Sasa niambie, ndugu mwandishi: na hii nayo nichome?"

Katika hadithi zilizofungiwa kuna moja ambayo Pelagia hawezi kuitaja bila kushusha sauti. Ni ya Esteri Ndihokubwayo, binti wa miaka ishirini na moja, aliyevuka mto Malagarasi mwaka 1972 na mama yake wakikimbia mauaji ya Burundi, wakafika upande huu wawili kati ya watu saba. Kwa miezi mingi alikuwa akija Jumamosi, anachambua maharage, hasemi. Halafu siku moja akasimama mlangoni mwa jiko na karatasi kumi na moja, akataja kwa majina wale watano waliobaki.

"Mikono ilisimama tangu neno la kwanza," anasema Pelagia. "Siku ile hatukula. Maharage tuliyapika kesho yake."

Esteri mwenyewe analima, na huuza ndizi sokoni. Hapandishi sauti, ila anapovunja kichana cha ndizi anavunja kwa nguvu kuliko inavyohitajika.

"Niliandika ili nisiwe nawabeba kichwani peke yangu," anasema. "Kaka yangu mdogo sina picha yake. Karatasi ile ndiyo picha. Wakiichoma watakuwa wamemuua kwa mara ya pili, na safari hii siwezi kusema sikujua ni nani."

"Huwezi kuiandika tena?"

"Ego, naweza. Lakini kwa nini mimi niumie mara mbili kwa sababu mtu ameona mhuri?"

Sasa kuna jambo ambalo wengi mjini hawalielewi. Stoo lilimo boksi hufagiliwa kila asubuhi, na ufunguo wake uko kiunoni mwa Pelagia. Siku kumi na tisa amefagia kulizunguka. Anaweza kulibeba chini ya kanga akaondoka, na wengi wamemshauri hivyo, akiwemo Makarius aliyejitolea kulipakia kwenye baiskeli mpaka Kibondo.

Pelagia hataki kusikia.

"Nikiiba nimekubali kwamba si zetu," anasema. "Mwizi ni yule aliyezibeba. Mimi nazitaka mchana, mlangoni, mkononi mwa yule yule aliyezichukua."

Amekwisha kwenda kwa wakubwa mara tatu. Mara ya kwanza mkubwa yuko safari. Mara ya pili yuko kikaoni. Mara ya tatu karani alimwambia alete malalamiko yake kwa maandishi, na akaongeza, bila aibu, aje na karatasi yake.

Jumamosi iliyopita nyumba ilijaa kuliko siku zote. Hakuna aliyekuwa na hadithi ya kusoma, kwa hiyo Pelagia alisimama mlangoni mwa jiko akasoma barua ya Ndugu Renatus, kuanzia tarehe mpaka mhuri. Maharage yalikwisha kuchambuliwa kabla hajafika kwenye sahihi.

"Haikusimamisha hata kidole!" anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka kweli. "Uji mtupu."

Hapo hapo walipanga. Jumatano ni siku ya wananchi kuonana na maofisa, na mlango hauruhusiwi kufungwa. Watu wa Kasulu watakuja na nyungo zao. Makarius ataleta wa Kibondo kwa lori, na wameapishwa waache karanga nyumbani. Watakaa barazani mbele ya mlango wa Ndugu Renatus wachambue maharage, na kila mwenye hadithi stoo atasimama aiseme kwa kichwa, neno kwa neno anavyoikumbuka, mpaka boksi litoke. Mwalimu Mwatumu ameonywa na mtu kwamba anaweza kuhamishwa. Amejibu kwamba kuhama amezoea. Esteri atakuwa wa kwanza.

Na baada ya hapo? Pelagia anataka kabati moja lenye kufuli, la hadithi tu, liwekwe mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuingia akasoma. Seremala amekwisha kumpata. Mbao bado.

Saa moja na nusu kipande cha reli kinagongwa badala ya kengele, na wafanyakazi wanaanza kuingia. Ndugu Renatus anapita na mkoba wake, anatazama shimo lisilo na moshi. Pelagia anamsalimu kwa heshima zote.

"Mwakeye, ndugu."

Anasubiri apite. Kisha anaingia kwenye kibanda chake cha vifaa, anatoka na ungo mpya, ukindu bado unanuka, anaupangusa kwa pembe ya kanga.

"Huu ni wake," anasema. "Jumatano nitamwekea kibaba kizima, nimkalishe karibu na Esteri. Kusema atasema la sheria, namjua. Mimi mdomo wake sitautazama."