Mwanafunzi wa Dirishani

Zamani ubao wa mwalimu mmoja wa shule ninayofagia ulisomwa na darasa zima pamoja nami niliyekuwa nje na ufagio. Siku hizi mapazia hufungwa ili picha za projekta zionekane ukutani. Kusoma nilijifunzia pale dirishani, ukubwani, naye alijua. Akimaliza mstari aligeuka, akatupa jicho nje, ndipo akafuta. Projekta ilipokuja, akawa anabonyeza kitufe, ukurasa unaruka. Lakini mikono haikusahau. Nikipita mlangoni nilimwona kila akibonyeza akikung'uta viganja, kutoa vumbi la chaki lisilokuwepo. Siku moja nilimuuliza kama chombo kile kinamfaa.

"Kinajua mengi kuliko mimi, mzee wangu. Ila hakijui kumsubiri mtu."

Watoto wanakipenda, nani asiyependa kutafuniwa? Walimu vijana walimwita Bibi Chaki, naye alicheka nao, kisha akanywa chai yake peke yake.

Wiki yake ya mwisho kazini alifungua pazia la upande wangu, shibiri moja tu. Nikaacha kufagia, nikasogea. Sijamaliza hata mstari wa kwanza, darasa likapiga kelele: "Mwalimu, mwanga! Hatuoni!"

"Subirini. Kuna mwenzenu hajamaliza kunakili."

Wakageuka, wakaniona. "Nani, huyo mfagiaji?" Wakaangua kicheko.

Mkono wa mwalimu ulishika pazia, ukalivuta taratibu kulifunga, kama anayefuta ubao, kisha nikasikia viganja vikikung'utwa. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomwona, na nilichoona ni mkono tu.