Daktari Anayenusa Viganja

Daktari wa mbwa wa mjini Gympie, Australia, hamgusi mgonjwa kabla hajanusa viganja vya mwenye mbwa. Asubuhi ile Merv, mkulima wa makadamia, alimletea mbwa wake jike, miguu ya nyuma imelegea kama ya mlevi.

“Ni kupe, dokta. Kamlemaza.”

Daktari akamshika mkono, akaunusa taratibu, macho kayafumba. “Kupe wako ananukia njugu za makadamia, Merv. Nimeimba mpaka nimechoka: kwa mbwa ni sumu!”

“Alinitazama kwa macho ya kutia huruma, dokta.”

“Wote hutazama hivyo!”

Mara mlango wa nyuma ukasukumwa, akaingia mbwa wa daktari mwenyewe, akiyumba vilevile. Merv akanyoosha mkono, akaomba kiganja. Daktari akaitumbukiza mikono yake mifukoni.

“Huyu,” akasema, “ni kupe.”