Mbuzi wa Waendesha Baiskeli

Kyule, muuza nyama wa Tseikuru, aliwadharau watu wengi, wala hakuficha. Aliwadharau walimu kwa kutojua kununua nyama, wachungaji wa kanisa kwa kuijua mno, na madiwani kwa mambo yote. Lakini tangu ile njia ya baiskeli ifunguliwe, ile inayoanzia Kasikeu, ikavuka mto Athi, ikapita Migwani na kuja kuishia huku juu kwenye vumbi, hao wengine wote walipata nafuu. Dharau yake yote ilihamia kwa waendesha baiskeli.

Waandaaji waliiita Njia ya Mpaka. Walisema inafuata mpaka ambao mkoloni aliuweka kati ya Wakamba wakulima na wafugaji wa kaskazini mashariki, mtu asivuke bila kibali. Sasa watu wazima wenye magari yao walivaa kaptula za kubana mpaka ukaona aibu kwa niaba yao, wakakanyaga pedali juani kutwa nzima, wakifika wanakumbatiana na kulia. Kyule alipokuwa kijana alibeba ngozi kwa baiskeli kutoka Tseikuru hadi Mwingi, akarudi na magunia ya unga, na hakuna aliyemvisha medali.

"Mtu analipa ndio ateseke!" alikuwa akisema, kisha anatema mate kando. "Si waje wateseke kwangu bure, niko na kuni za kupasua."

Huo mpaka wao yeye aliufuta zamani, tena kwa kisu. Alipofungua bucha yake, Wakamba walinunua, lakini familia za Kiislamu hazikugusa hata mfupa. Ndipo asubuhi moja Kusow, mfanyabiashara wa mifugo mwenye ndevu za hina, akaja bila kuitwa. Aliomba kisu, akamwelekeza mbuzi kibla, akasema Bismillahi, akachinja. Kesho yake akaja tena. Tangu hapo, miaka nenda miaka rudi, hakuna mnyama aliyetundikwa kwa Kyule bila kupitia mkono wa Kusow. Hata mwaka ule wa ukame, wafugaji na wakulima walipouana kwa ajili ya malisho na soko likagawanyika, watu wa pande zote mbili waliendelea kunawa kwa birika moja pale buchani na kula sinia moja. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya Kyule, na haikuwa ndogo.

Basi akaja Mutisya, mmoja wa waandaaji. Kwao ni Migwani, lakini Kikamba chake kilishakufa ganzi Nairobi. Alisema wageni wakifika wanataka kuona utamaduni.

"Mzee, tunataka ile original," alisema. "Ile ya mababu. Mbuzi anazibwa pumzi, damu inawekwa kwa kibuyu. Hii ya kuchinja iko kila mahali, haina story."

"Hapa Kusow ndiye huchinja," Kyule akamjibu.

"Huyo apumzike siku moja tu. Wewe ndio tunataka kwa picha. Tutaweka sura yako kwa bango kule Kasikeu, pale njia inaanzia. Mtu wa kwanza wageni wanaona ni wewe."

Kyule alimtazama mtu huyu ambaye hangemshika hata mwanambuzi bila kupigwa teke, akamdharau kutoka utosini hadi kwenye viatu vyake vyeupe. Kisha akakubali. Tusimpambe: alikubali kwa sababu ya bango. Mtu aliyewacheka wenzake kwa kupenda medali alitaka sura yake iwe kubwa kama mlango.

Siku yenyewe Kusow alichinja mbuzi wa asubuhi kama kawaida, akaenda mnadani. Adhuhuri wageni wakafika wakinuka dawa ya jua. Kyule akavua koti, akamziba mbuzi wa pili mdomo na pua kwa mikono yake mwenyewe, simu zote zikimwelekea. Mbuzi alichukua muda kufa. Mwanamke mmoja akaanza kulia, mwanamume mmoja akatapika kando ya ua. Damu aliyoikinga kwenye kibuyu haikuguswa na mtu. Na nyama ilipoiva ndipo ikajulikana kwamba wengi wao hawali nyama kabisa, na waliobaki waliogopa kuharibu matumbo. Walikula ndizi zao, wakapakia baiskeli kwenye lori, wakarudi Nairobi wakiwa wamekaa ndani ya magari.

Kyule angeweza kuwatupia mbwa ile nyama. Roho ikamuuma. Akaitundika, akiwaza atawauzia watu wa kanisani kwake tu. Wateja wakaja kwa fujo, naye akakata huku na huku, kisu kilekile, gogo lilelile, hata akashindwa kujua paja lipi ni la mbuzi yupi.

Jioni Kusow akarudi kutoka mnadani, akaketi mahali pake, akaagiza choma. Hakuuliza nyama ni ipi. Hajawahi kuuliza. Kyule akamletea sinia. Kusow akanawa, akasema Bismillahi, akanyoosha mkono.

"Usile," Kyule akasema.

Mkono ukasimama. "Kuna nini?"

Kyule akamweleza yote, na bango pia. Alitamani Kusow apandishe sauti, amtukane. Kusow alikausha vidole vyake kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Hao watu wa baiskeli walikula?"

"Hapana. Hata hawakuonja."

"Na nyinyi watu wa kanisa mnakunywa damu?"

"Hapana."

"Sasa huyo mbuzi ulimuulia nani?"

Kusow akachukua fimbo yake akatoka.

Asubuhi iliyofuata Kyule alimtoa mbuzi, akanoa kisu, akangoja. Jua likapanda. Kusow akapita barabarani akielekea mnadani. Alimsalimia vizuri sana, akamuuliza habari za nyumbani na habari za kazi, huku miguu yake ikiendelea na safari. Ilikuwa salamu ambayo mtu humpa muuza nyama asiyemjua.