Mkebe wa Sura za Mwisho

Ukitaka kumjua Walubengo, usimwulize bei ya kitabu. Mwulize kwa nini hadithi zake za upelelezi hazina sura ya mwisho.

Meza yake iko Kisumu, kwenye barabara inayoshuka kwenda stesheni ya reli, kibarazani mwa duka la vifaa vya ujenzi. Alikuja mjini kijana kutoka upande wa Bungoma, akafanya kazi katika kiwanda cha nguo mpaka siku kilipofungwa. Wenzake wengine walirudi kwao, wengine wakaingia mtaa wa Obunga kuuza sukuma wiki na makaa. Yeye alianza na vitabu vitatu alivyoachiwa na mwalimu aliyekuwa akihama.

Mimi hununua na kuuza vitu vya nyumba, yadi yangu iko Mamboleo, na sijaona mfanyabiashara anayepanga bidhaa vibaya kama Walubengo. Mbele anaweka vitabu vya wasomi: udongo wenye chumvi, sheria za ardhi, mifupa ya binadamu. Hivyo hununuliwa mara mbili kwa mwaka, vyuo vikifunguliwa. Mashairi hayauziki kabisa. Anayatoa kama nyongeza, vile mama wa nyanya anavyokuongezea nyanya moja juu ya fungu. Tofauti ni kwamba nyanya hufurahiwa.

"Mzee, si uniongeze kalamu?" mwanafunzi aliyenunua kitabu cha mifupa atamwambia.

"Kalamu itaisha wino. Chukua hiki."

Katikati ya meza ndipo zilipo hadithi za upelelezi, na hizo anaziazimisha. Zamani watu walikuwa wakienda nazo wasizirudishe. Kisumu kuna watu wema wengi, lakini kitabu kizuri humharibu mtu. Basi Walubengo akanunua wembe. Kila hadithi iliyoingia mezani akaikata sura ya mwisho, akaifunga kwa mpira, akaitia kwenye mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia. Unaazima kitabu, unakisoma nyumbani kwako, usingizi unakuruka, unafika pale mpelelezi anapowakusanya watu wote sebuleni, na karatasi zinaisha. Sasa utakirudisha au hutakirudisha? Unakirudisha. Unakabidhi kitabu, unakaa kwenye kigoda kando ya meza, unapewa sura yako, unaisoma hapo hapo. Kisha sura inarudi mkebeni kumngoja mwingine.

Wateja walimtukana mwaka mzima. Halafu wakazoea, hata wakapenda. Ukipita pale saa nane mchana utamkuta mtu mzima kigodani, miwani puani, akipiga paja lake: "Nilijua! Nilijua ni yule karani!"

Aliyepiga paja zaidi ya wote alikuwa Mzee Hemant. Huyu alikuwa na duka la vipuri vya mashine za kusaga unga, akaliuza mkewe alipofariki, akabaki peke yake katika nyumba ya Milimani. Kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye kigoda kile. Akishamaliza sura yake hakuondoka. Yeye na Walubengo walibishana juu ya muuaji kana kwamba marehemu alikuwa jirani yao. Mke wa Walubengo, Kageha, ambaye huuza njugu karanga hatua chache kutoka pale, alikuwa akiwapelekea kifuko kimoja cha kugawana.

"Mle mnyamaze," angewaambia. "Mnanifukuzia wateja na maiti zenu."

Mwaka huu mvua za Aprili zilipoanza, Mzee Hemant aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Binti yake, Falguni, akaja kutoka Uingereza kumchukua moja kwa moja. Safari ilikuwa Ijumaa. Jumatatu ya wiki hiyo akaniita mimi ninunue vitu vya nyumba.

Nilikubaliana na Falguni juu ya makabati, jiko na viti vya sebuleni bila shida. Nikaifikia rafu ya vitabu chumbani kwa mzee. Rafu tatu kamili! Chini vitabu vizito vya historia ya reli na ya biashara za pwani hadi bara, katikati hadithi za upelelezi, juu mashairi, mengine kwa hati ya Kigujarati. Vile vya chini nilikuwa na mtu wa kumuuzia tayari.

"Hapana, Mama Beldina," Mzee Hemant akaniambia kutoka kitandani. Kifuani alikuwa na kitabu cha Walubengo. "Kabati chukua. Jiko chukua. Vitabu bado. Mimi nimemaliza hii mpaka pale inakatika. Siwezi kupanda ndege bila kujua nani alimuua bwana shamba, huyu tajiri wa kitabuni. Bwana Walubengo alete mwisho kwanza."

Nikaona ni jambo dogo. Nikashuka mpaka mezani kwa Walubengo, nikampa habari zote mbili: kwamba rafiki yake anaondoka Ijumaa, na kwamba anataka sura yake. Habari ya kwanza alikuwa nayo. Aliinama mbele ya mkebe, akapekua. Akaumwaga wote juu ya meza, akahesabu sura moja moja, akazirudisha, akaumwaga tena.

"Haimo?" nikamwuliza.

Alitazama chini ya meza, kwenye mtaro, akaokota kifuko cha karatasi cha njugu kilichokanyagwa. Akakikunjua polepole. Ndani ya chumvi na maganda palisomeka: *Inspekta akafunga mlango, akasema hakuna atakayetoka.*

Kageha hufungia njugu zake kwa karatasi za vitabu vya wasomi vilivyoharibika. Walubengo mwenyewe humpa, na Kisumu nzima imekula njugu kutoka kwenye sheria za ardhi. Wiki iliyotangulia Walubengo alienda kung'olewa jino, Kageha akamkalia meza. Mpira wa sura moja ulikuwa umekatika, karatasi zimelegea, zimekaa juu ya mkebe kama takataka. Akazichukua.

"Usimwambie," Walubengo akaniambia.

"Nani? Mzee?"

"Kageha. Atalia wiki nzima. Yeye ndiye humchagulia yule mzee njugu kubwa kubwa."

"Sasa mzee utamwambia nini?"

"Sijui, Nyar Ahero." Huniita hivyo, binti wa Ahero, kwa sababu nilizaliwa kule kwenye mpunga. "Miaka kumi na tisa. Mara ngapi nimeenda msalani nikamwachia mkebe? Hakuwahi kuufungua. Hata siku moja. Na mimi kitu chenyewe nilichomwahidi nimeshindwa kukitunza."

Mimi sioni haja ya kulia juu ya karatasi. Nikamwambia, "Sema ni mpishi. Nyumba ya tajiri haikosi mpishi. Mzee aridhike, asafiri, wewe upumzike."

Alinitazama vibaya. Lakini Jumanne ikapita hajaenda Milimani, na Jumatano asubuhi, nilipopita na pikapu kuchukua makabati, alikuwa amefunga meza na amevaa koti. Kageha alikuwa kando yake na mfuko wa njugu, naye anataka kumuaga mzee. Njiani Walubengo alikuwa akichezesha midomo. Nilijua anafanya mazoezi ya ule uongo wangu.

Tulimkuta Mzee Hemant ameegemezwa mito mitatu, kitabu mkononi.

"Bwana Walubengo! Nilisema umehamia Uganda. Leta, leta."

Walubengo alibaki amesimama. "Mzee, nimeona nikueleze tu kwa mdomo. Ni mpishi."

"Nani?"

"Mpishi ndiye aliyemuua."

Mzee Hemant alivua miwani. "Mpishi yuko hospitalini toka sura ya tatu. Amekatwa mguu."

Walubengo akanigeukia. Mimi nikatazama kabati.

"Nimeipoteza," akasema hatimaye, na sauti ilikuwa ya mtu anayetoa ushahidi. "Sura yako sina, Mzee. Mkebe ni wangu, na mimi ndiye niliyeipoteza. Nimekaa siku mbili nikiogopa kuja. Nisamehe, halafu nisamehe tena kwa huo uongo wa mpishi."

"Sura gani?" Kageha akauliza. Alimtazama mumewe, akatazama mfuko wake wa njugu. "Zile zilizolegea? Zilizokatika mpira?" Akaketi kwenye ukingo wa kitanda bila kukaribishwa. "Walubengo. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelia."

"Sasa silii?" Na kweli alikuwa akilia. "Mzee, ni mimi. Nimefungia njugu."

Nilidhani mzee atakasirika. Nimeona watu wakikosana kwa sababu ya sufuria. Aligonga jalada la kitabu kwa vidole, kisha akamwinamia Kageha kiasi ambacho nyonga ilimruhusu.

"Mama Kageha, wewe unafunga njugu, macho iko wapi?"

"Kwenye karatasi."

"Basi umesoma!"

"Huko ni kusoma? Nilikuwa na foleni ya wateja."

"Kitu chochote. Neno moja."

Kageha alijifuta uso kwa leso, akafumba macho. "Kulikuwa na viatu," akasema. "Vina matope. Vilikuwa chini ya kitanda cha mtu."

"Cha mwanamume au mwanamke?" Walubengo akadakia. Alikuwa ameshaketi.

"Hawakusema. Ama walisema nikakunja. Halafu kuna mtu anamwambia mwingine, 'Nilimpenda kuliko wewe.' Hiyo nakumbuka, nilimfungia mwalimu mmoja wa kanisa nikaona aibu."

"Dada yake!" Mzee Hemant akapiga paja lake zima, akauma meno kwa maumivu, akaendelea. "Dada yake mkubwa! Nani mwingine anampenda bwana shamba?"

"Daktari," Walubengo akasema.

"Daktari anampenda bwana shamba?"

"Anampenda mke wa bwana shamba. 'Nilimpenda kuliko wewe', anamwambia bwana shamba mwenyewe, kabla ya kumuua. Na usiku ule nani alitembea kwenye matope? Ni daktari, alikuwa akienda kwa mgonjwa."

"Hakwenda! Fungua sura ya saba. Mama Beldina, nipe miwani."

Nikampa. Wafanyakazi wangu walikuwa nje wanangoja kubeba makabati, na mimi nilitumwa kufungua sura ya saba, kisha ya tano, kisha kusimama mlangoni ili Walubengo apime kama mtu mnene angeweza kupita bila kumgusa karani. Falguni alikuja kuchungulia, dawa mkononi. Akamwona baba yake ameketi wima kwa mara ya kwanza tangu aanguke, akarudi jikoni taratibu.

Hawakukubaliana. Mwishowe Mzee Hemant akamgeukia Kageha. "Wewe ndiye umeshika ushahidi. Amua."

Kageha alikuwa anamenya njugu, akimwekea mzee punje kwenye kiganja. "Mimi naona hakuuawa," akasema. "Alianguka tu. Wazee huanguka. Kisha watu wanatafuta wa kulaumu."

Walubengo alimkata jicho mkewe. Lakini Mzee Hemant alianza kucheka, kwanza kwa pua, halafu mwili mzima, akishika nyonga kwa mkono mmoja na mkono wa Walubengo kwa mwingine, akisema, "Aa, inauma, Mama, inauma, usiseme tena," na machozi yakimtiririka. Walubengo naye akacheka hivyo hivyo. Hawakuachiana mikono hata kicheko kilipokwisha.

Nilikohoa. Nikauliza habari ya rafu.

"Vitabu ni vya Bwana Walubengo," mzee akasema. "Vyote. Na vya Kigujarati pia."

"Mzee, mimi sijui hiyo hati," Walubengo akasema.

"Wateja wako wa nyongeza wanajua?"

Nikajaribu kuomba angalau zile historia za reli. Hakuna aliyenisikia. Kitanda cha mzee nilikuwa nimekubaliana na Falguni nikibebe siku hiyo hiyo, yeye alazwe kwenye godoro chini. Nikawaambia wafanyakazi gari limejaa, tutakirudia Ijumaa. Gari lilikuwa na nafasi ya vitanda viwili.

Alhamisi Walubengo hakufungua meza. Alishinda Milimani kutwa, akisomewa mashairi kwa Kigujarati na kuelezwa maana kwa Kiswahili cha dukani, na jioni Kageha aliniambia kwamba mumewe amerudi na mistari miwili kichwani na anaisema huku chai ikipoa mbele yake.

Ijumaa nilikwenda na pikapu kuchukua kitanda na rafu. Walimtoa mzee kwa kiti cha magurudumu, wakampakia kwenye gari la kwenda uwanja wa ndege, kile kitabu kisicho na mwisho mapajani. Walubengo aliinama dirishani. Nilidhani wataagana kama watu.

"Dada yake," Mzee Hemant akasema.

"Daktari, Mzee."

"Miaka kumi na tisa nakufundisha!"

"Nitakupigia simu. Nitakuthibitishia."

"Piga Jumamosi. Saa ile ile."

Gari likatoka langoni, na mzee bado alikuwa akimwelekezea kidole kupitia kioo cha nyuma. Tukapakia rafu na vitabu. Nikamwambia Walubengo apande mbele, nimfikishe mezani na mzigo wake, sitamlipisha. Akaniambia nitangulie na vitabu, nimwachie Kageha avipokee. Yeye angeshuka kwa miguu.