Anayeelekea Hajafika

Kofia ya biro ikigonga chuma cha ngazi: tak, tak, kisha kimya. Mlio huo ninao masikioni tangu Alhamisi, jirani aliponipigia simu kwamba yule karani wetu wa mtaa wa Kware ametutoka. Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa Mkamba mwembamba, miaka yote karani wa ghala Industrial Area, na kila Jumapili baada ya kanisa alikaa kwenye ngazi za ploti yetu ya vyumba vya kupanga akitusomea barua za Kiingereza. Kabla ya kutafsiri chochote alijiuliza kwa sauti, "Huyu amefika, ama yuko njiani?"

Mimi nilifikishwa pale na mama nikiwa kidato cha pili. Mwalimu alikuwa ameandika kwenye ripoti kwamba niko "heading for failure". Mama aliliona lile neno la mwisho tu, akakata shauri niache shule nikafulie watu nguo. Mzee akagonga biro yake. "Mama, wewe huepua ugali maji yakianza tu kuchemka?" "Lakini Mzee, si wameandika amefeli?" "Wameandika anaelekea. Anayeelekea hajafika, anaweza kugeuka. Mzungu akikisia ya kesho huyapa miguu: timu inaenda kushinda, bei iko njiani kupanda, hata mvua inaenda kunyesha. Ukisikia miguu, jua barabara bado ipo." Kisha akanitolea macho. "Na wewe geuka mbio, barabara yenyewe ni fupi!" Nikamaliza kidato cha nne. Alama zangu tuziache zipumzike, lakini nilimaliza.

Mwaka huu nilimtembelea, macho yake yameingia ukungu, akanipa barua ya kliniki. "Leo nisomee wewe." Iliandikwa kwamba figo zake zinaelekea kushindwa kabisa kufanya kazi. Nilijua binti yake kule Makueni hajaambiwa hata kwamba baba anaumwa, na nikatamani kumdanganya Mzee. "Usinipambie, mwanangu. Nimefika, ama niko njiani?" "Uko njiani, Mzee." "Ala! Kumbe bado napatikana?" Akacheka hadi akakohoa, kisha akaomba nimtafutie namba ya binti. Binti alikuja wiki ileile, akakaa naye mpaka mwisho.

Sisi wa mitaa hii ya Eastlands tuna haraka ya kuzika. Huyu ameisha, yule amepotea, na mwenyewe bado anapumua. Bila kugusa kamusi, mzee alinifunza kwamba aliye njiani hufuatwa, hasemwi kana kwamba ameshafika. Huenda asigeuke, lakini atakuwa ameona mtu barabarani.

Nina binamu ambaye ukoo mzima husema pombe ilimmaliza zamani. Jumamosi nilipitia soko la mbuzi la Kiamaiko peke yangu, nikanunua mifupa ya supu, nikapanda hadi kwake bila kumwambia mtu. Nikabisha. Nikabisha tena. Ndani, slipa zikaanza kuburuzika kuja mlangoni.